Skripti ya mistari michache na diski ya chama

Haya, leo turudi kwenye mambo ya sheli. Si sheli ya petroli jamani, ni ile ya Linux, kile kidirisha cheusi kinachowatisha watu.

Mwaka 2014, mwaka uleule Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP, mweka hazina wa chama kimoja hapa Gatitu aliniletea kompyuta aliyoifunga kwa leso. Diski ilikuwa inagonga kama saa ya ukutani. Ndani mlikuwa na hesabu za mikopo ya miaka minane, na nakala nyingine hakuna. Tena palikuwa na ugomvi: mwanachama mmoja alisema alimaliza deni lake Agosti, wenzake wakasema bado. "Kijana wangu, nitolee tu hiyo Agosti," mama akaniambia.

Diski inayokufa haifunguliwi ovyo ovyo. Kila unapoisoma unaipunguzia siku. Unainakili yote mara moja, sekta kwa sekta, iwe faili moja kubwa, yaani taswira ya diski. Halafu ile yenyewe unaiweka kando, kazi zote unazifanyia kwenye taswira.

Amri ya zamani ya kazi hii ni dd. Mimi naiogopa, na nina sababu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, saa saba usiku, niliandika sda pahali pa sdb nikaifuta diski yangu mwenyewe. Kazi ya miezi sita! dd haiulizi kama una hakika, inatii tu. Nikaapa kwamba mkono wenye usingizi hautataja jina la diski tena bila kuulizwa. Kiapo chenyewe ni hiki:

#!/bin/bash
DISKI="$1"
FAILI="$2"
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL "$DISKI"
read -p "Ndiyo hii? Andika ndiyo: " JIBU
[ "$JIBU" = "ndiyo" ] || exit 1
ddrescue -n "$DISKI" "$FAILI.img" "$FAILI.map"
ddrescue -d -r3 "$DISKI" "$FAILI.img" "$FAILI.map"
sha256sum "$FAILI.img" > "$FAILI.sha256"

Ndiyo yote. Mstari wa lsblk unakuonyesha ukubwa na modeli ya diski kabla hujajibu. ddrescue ya kwanza inachukua sehemu nzima nzima bila kung'ang'ana na mbovu. Ya pili inarudi kwenye mbovu na kuzijaribu tena mara tatu.

Lakini kilichoniokoa ni lile faili la .map, ambamo ddrescue huandika imefika wapi. Usiku wa kwanza stima ilipotea mara mbili. Iliporudi nikaendesha skripti ileile, kazi ikaendelea pale ilipokatikia. Kwa dd tupu ningeanza mwanzo, na ile diski haikuwa na nguvu za kuanza mwanzo.

(Sijasema kwamba kabla ya hapo nilipoteza jioni nzima kwa uzembe. Diski yangu ya nje ilikuwa FAT32, ambayo haikubali faili la kufika GB 4, na taswira ilitaka GB 40. Ikabidi niifomati upya iwe ext4.)

Usiku wa pili, baridi ya Julai ikinikata vidole, nikaifungua taswira kwa kusoma tu:

mount -o ro,loop,offset=32256 chama.img /mnt

Namba hiyo isikutishe. XP iliweka kizigeu cha kwanza kwenye sekta ya 63, na kila sekta ni baiti 512, zidisha utaipata. Diski za siku hizi mara nyingi huanzia sekta ya 2048, kwa hiyo ni 1048576. Angalia kwanza kwa fdisk -l, usikisie.

Kilobaiti chache hazikusomeka kabisa, na kumbukumbu za mikutano miwili zikagoma kufunguka. Faili la mikopo lilifunguka.

Nikampigia mama simu saa kumi na mbili asubuhi. Hakuuliza ddrescue ni mnyama gani.

"Agosti iko?"

"Iko, mama. Alilipa. Zimebaki shilingi 400."

Akacheka. "Hizo nitamdai mwenyewe."