Dresa wa Magongo

Kijana mmoja wa kwetu Changamwe, Mombasa, mwenye shahada yake, aliniambia juzi kwamba kubeba majeruhi wa vita kwa helikopta kulianzia Vietnam. "Mjomba, mbona iko kwenye filamu?" Nilikasirika. Pale Magongo, kabla barabara haijapanuliwa na nyumba kubomolewa, aliishi mzee aliyejua majeruhi ana uzito gani.

Tulimwita Dresa, yaani mfunga vidonda. Mbele ya duka aliuza mafuta ya taa, viberiti na sukari ya kupima. Nyuma, penye pazia la kanga, palikuwa na benchi, beseni na chupa ya iodini. Harufu ya iodini na ya mafuta ya taa zilishikana hata unga wake ukanukia hivyo, na mama zetu waliununua vivyo hivyo. Mtoto akikatwa na bati, alipelekwa kwa Dresa kabla ya kufikiriwa hospitali ya Port Reitz. Alichemsha mkasi, akaanza kufunga bendeji kutoka chini kupanda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukilia alikwambia, "Tulia mwanangu, machela yaja."

Kazi hiyo alijifunzia Keya, jeshi la Mwingereza, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, Bonde la Kabaw, Burma, 1944. Mvua ilizamisha magari matopeni. Majeruhi alibebwa na watu wanne mpaka kwenye kiwanja kilichofyekwa msituni, ndipo ndege ndogo ikamchukua. Nimelinganisha tarehe: Aprili mwaka huohuo, kabla Divisheni haijaingia bondeni, rubani Mmarekani Carter Harman aliwatoa majeruhi nyuma ya Wajapani, hukohuko Burma, kwa helikopta ya Sikorsky. Aliwatoa mmoja mmoja, maana haikuweza abiria wawili. Dresa hakuwahi kuiona. "Sisi tuliona mabega tu," alisema.

Kilichomtoa machozi ni meli ya Khedive Ismail. Iling'oa nanga Kilindini Februari 1944 na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi wa kike. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldives. Walikufa watu karibu 1,300. Aliwataja wale masista kama mtu anayetaja dada zake.

Mwaka 1992 ndege za Hercules za Marekani zikawa zaruka kutoka uwanja wa ndege wa Port Reitz kwenda Somalia, na mabati ya Magongo yakitetemeka. Dresa, mzee sana sasa, alitoa kiti nje akiuliza kila ndege inarudi na majeruhi wangapi. Zilipeleka chakula. Waliokimbia vita wenyewe walikuja kwa majahazi, wengi wakaishia kambi ya Utange, Kisauni.

Alipokufa, duka likawa la M-Pesa, kisha likawa barabara. Tangu 2011 askari wetu akijeruhiwa Somalia hurushwa kwa ndege mpaka Nairobi. Ni haki yake. Lakini mja mzito wa Likoni anayekimbizwa hospitali ya Makadara kisiwani usiku, gari lake hata likipewa njia halivuki mpaka feri ifike gatini. Hili laniudhi kila nikilifikiria. Iwekwe boti ya wagonjwa peke yao kati ya Likoni na kisiwani, usiku na mchana, yenye machela na mtu anayejua kufunga bendeji.