Nguo za Safari ya Bahari

Katika miaka ya 1950 mtu wa Kenya aliyekwenda Uingereza kwa masomo mara nyingi alikwenda kwa meli, na safari ya kutoka Kilindini hata London ilichukua majuma matatu hivi. Jamaa waliomsindikiza walimwuliza habari za mawimbi, na papa, na chakula atakachopewa. Ni wachache waliomwuliza atafua wapi. Lakini jambo hilo liliwasumbua wasafiri wengi kuliko papa, maana papa mtu aliweza kufika asimwone, bali shati lilichafuka kila siku.

Mwaka 1958 karani mmoja kijana, mwenyeji wa Machakos, alichaguliwa kwenda kusoma kazi za serikali za wilaya kwa muda wa mwaka mmoja. Baba yake aliuza ng'ombe wawili, akamshonea suti ya sufu kwa fundi Mhindi mjini Nairobi. Ukoo ulichanga, yakapatikana mashati sita meupe. Dada yake alikuwa akihudhuria mafunzo ya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 na kilichowafundisha wanawake wa vijijini kushona na kufuma pamoja na mambo mengine ya nyumbani. Huyo dada alimfumia sweta nene ya kijivu. Ilimchukua miezi mitatu, kwa kuwa mikono yake aliifumua mara mbili akaianza upya.

Kupanga sanduku ilikuwa kazi ya baba, wala hakukubali kusaidiwa. Naye alipanga kama mtu anayeweka akiba ardhini: chenye thamani kubwa chini kabisa, chenye thamani ndogo juu yake, na juu ya vyote suruali za kaki na taulo kuukuu. Sanduku hilo la bati likafungwa kwa kufuli, kisha likazungushwa kamba ya katani mara nne. Mashati, pamoja na vitu vidogo vidogo, yakatiwa katika mkoba wa mkononi.

Basi, kampuni za meli zilikuwa na desturi ambayo mtu wa bara hakuwa na njia ya kuijua. Kila mzigo ulibandikwa karatasi ya kueleza mahali pake. Kuna uliokwenda chumbani kwa msafiri. Kuna uliowekwa katika ghala iliyofunguliwa kwa saa maalum, ili mwenyewe aje achukue anachotaka. Na kuna ulioandikwa kwamba hauhitajiki safarini. Huo uliteremshwa kwa kreni mpaka tumbo la meli, na mwenyewe hakuuona tena hata bandari ya mwisho. Karani alipoulizwa alifikiri upesi: suti na sweta ni nguo za Ulaya, na Ulaya ni mwisho wa safari. Akabandika karatasi ya tumboni kwa mkono wake mwenyewe. Kosa hilo si la ujinga. Lilifanywa hata na watu waliokwisha kuvuka bahari mara nyingi, kwa sababu mtu akipanga sanduku huwaza mahali anakokwenda, asiwaze siku zilizo katikati.

Chumba chake kilikuwa na vitanda vinne, viwili juu na viwili chini. Chini yake alilala mzee wa Lamu ambaye katika ujana wake alichochea makaa katika meli za Waingereza. Sasa alikuwa akienda kumwangalia mwanawe huko Cardiff, mji ambao mabaharia Wasomali na Waarabu wa Yemen waliulowea tangu zamani. Mzigo wa mzee ulikuwa mfuko mmoja wa turubai. Ndani yake mlikuwa na kanzu mbili, joho, fulana nzito, taulo, kamba nyembamba yenye urefu wa pima mbili, na kipande cha sabuni.

"Shikamoo, mzee," alisema karani.

"Marahaba, mwanangu. Na mzigo wako wote ni huo mkoba?"

"Hapana, mzee. Sanduku langu limo tumboni."

Mzee akamtazama kidogo, asiseme neno.

Mwezi ulikuwa Septemba, na kusi ilikuwa bado haijatulia. Meli ilipokaribia Ras Guardafui ikawa inapanda na kushuka, na karani akatapika usiku na mchana. Kulipokucha siku ya nne alikuwa na mashati matatu ambayo mtu hawezi kuyavaa hata shambani. Dobi wa meli alikuwako, lakini alitoza kwa hesabu ya kila nguo, na karani alipopiga hesabu aliona kwamba fedha alizoziweka kwa stempu za barua zingekwisha kabla ya kufika Suez. Kufua mwenyewe hakukuzoea. Nyumbani alifuliwa na dada zake, na kazini alipeleka nguo kwa dobi. Mara ya mwisho kushika sabuni ya kufulia ilikuwa katika skuli ya bweni, na huko walifua mtoni, mahali ambapo maji hayahesabiwi. Tena aliona haya. Karani wa serikali, anayekwenda Uingereza, aonekane amekunja mikono anasugua kola mbele ya abiria!

Kwa hiyo alingoja hata saa sita ya usiku, akaenda bafuni kwa kunyatia. Katika meli nyingi za zamani bafu lilijazwa maji ya bahari yaliyopashwa moto, na maji matamu yalitolewa kidogo tu, kwa kujisuuza. Karani hakujua hayo. Aliona bomba moja linatoa maji mengi ya moto, akashukuru. Akapaka sabuni, akasugua. Povu halikutoka. Sabuni iliganda vipande vipande kama maziwa yaliyochacha, ikanata katika nguo. Akaongeza sabuni, nayo ikazidi kuganda. Mwisho akayasuuza mashati kwa maji yale yale, akayaanika kwenye chuma cha kitanda.

Asubuhi yalikuwa magumu kama ngozi iliyowambwa, lakini ukiyashika yalikuwa na unyevu. Akavaa moja hivyo hivyo. Meli ilikwisha kuzunguka ile ras na kuingia Ghuba ya Aden. Upepo ulipungua, joto likapanda, na jasho likakutana na chumvi. Ilipofika jioni kola ilikuwa imemchuna shingo pande zote mbili.

Mzee aliona. "Mwanangu, umefua kwa maji gani?"

"Kwa maji ya bomba, mzee."

"Mabomba ya meli ni mawili. Umefua kwa lipi?"

Karani akanyamaza, na mzee naye hakumcheka.

Sababu yake si ngumu kueleza. Katika kila lita moja ya maji ya bahari mna gramu 35 hivi za chumvi za namna mbalimbali, wala si chumvi ya chakula peke yake. Mna madini ya kalisi na magnesi, nayo huikamata sabuni ya kawaida na kuigeuza utando usioyeyuka. Sabuni ya mafuta ya nazi huvumilia zaidi, ndiyo maana mabaharia waliitumia tangu zamani. Kipande cha mzee kilikuwa cha namna hiyo. Lakini hata sabuni hiyo haiondoi ubaya wa pili. Chumvi iliyobaki katika kitambaa huvuta unyevu wa hewa. Nguo iliyosuuzwa kwa maji ya bahari, hata ikikauka mchana katika jua, usiku hurudi kuwa mbichi, na mwenye kuivaa huwashwa.

Mzee alimfundisha jinsi ya kufua kwa maji matamu machache. Nusu ya beseni ya kufulia, na nusu ya kusuuzia. Sabuni isipakwe shati zima, ila kola, makwapa na ncha za mikono. Maji ya kusuuzia yasimwagwe, yatafulia soksi. Kisha ikaja ile hila ambayo karani aliieleza miaka mingi baadaye kana kwamba ni elimu aliyoipata chuoni: taulo kavu hutandikwa sakafuni, shati hulazwa juu yake, vyote viwili vikakunjwa pamoja kama mkeka, na mtu akavikanyaga kwa miguu taratibu kutoka upande huu mpaka upande huu. Taulo hunywa maji, wala shati halisokotwi likakunjamana. Baada ya hapo huanikwa kwa kamba mbele ya tundu la hewa, na kabla ya alfajiri huwa limekauka.

"Shati moja kila usiku," alisema mzee. "Usingoje yawe matatu. Mwenye nguo nyingi hutafuta maji mengi, na maji mengi ya humu ni ya chumvi."

Siku hizi shida ya maji imepungua sana. Meli kubwa za abiria hugeuza maji ya bahari kuwa matamu, ama kwa joto la injini, ama kwa kuyasukuma kwa nguvu katika utando mwembamba unaozuia chumvi. Kuna meli za matembezi zinazozunguka dunia kwa siku zaidi ya 100, na abiria wenye busara hawachukui nguo za siku 100. Huchukua za majuma mawili hivi, kisha hufua. Meli iitwayo Queen Mary 2, iliyoanza safari mwaka 2004, ina vyumba vyenye mashine za kufulia ambazo abiria huzitumia wenyewe bila malipo. Pasi haziruhusiwi katika vyumba vya kulala vya meli nyingi, kwa hofu ya moto, na hofu hiyo ni ya haki, maana moto ukiwaka baharini hakuna nyumba ya jirani ya kukimbilia. Ugomvi wa abiria wa siku hizi si maji tena, ni zamu: mtu huacha nguo zake katika mashine akaenda kula, na mwingine akazitoa na kuziweka sakafuni. Mzee wa Lamu asingeyafahamu mashauri hayo.

Katika Bahari ya Sham joto lilikuwa la kutisha, na abiria wengine walitoa magodoro wakalala nje juu ya sitaha. Karani alifua kila usiku, wala hakunyatia tena. Wakapita Mfereji wa Suez, wakashukuru kwamba uko wazi. Mfereji huo ulikuwa umefungwa tangu vita vya mwishoni mwa mwaka 1956 mpaka Aprili 1957, na meli za wakati huo zililazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini ya Afrika. Wasafiri waliokuwa wamehesabu nguo za safari moja walijikuta katika safari nyingine.

Kutoka Port Said hewa ilianza kubadilika. Walipoondoka Marseilles karani aliona watu wametoa makoti. Walipopita Gibraltar na kuingia Ghuba ya Biscay, upepo ulikuwa na meno. Akamwendea mtumishi wa meli, Mgoa mwenye adabu nyingi, akamwomba sanduku lake lifunguliwe mara moja tu, atoe sweta.

"Bwana," alisema yule mtumishi, "juu ya sanduku lako kuna katani ya Tanganyika, na juu ya katani kuna kahawa ya kwenu Kenya. Yote hayo nitayaweka wapi?"

Basi karani akarudi chumbani, akatazama alichonacho. Mashati sita, yote safi, yote makavu. Akavaa moja, akavaa la pili juu yake, kisha la tatu na la nne. Mzee alipoingia akamwona jinsi alivyojaa alicheka hata akakohoa, kisha akavua fulana yake nzito akampa, naye karani akaikataa kwa heshima, maana mzee mwenyewe alikuwa akitetemeka.

London walifika asubuhi ya mvua. Katika banda la forodha afisa aliyetumwa kuwapokea wanafunzi alikuwa amesimama na karatasi ya majina, na karani alikuwa na haja ya kuonekana mtu nadhifu, aliyestahili ng'ombe wawili. Sanduku likaletwa. Akafungua mizunguko minne ya katani kwa vidole vilivyokufa ganzi, akafungua kufuli, na kwa kuwa baba yake alipanga alivyopanga, ilimlazimu kutoa kila kitu mbele ya watu. Akatoa taulo kuukuu, suruali za kaki, na picha ya nyumbani iliyofungwa kwa gazeti. Chini ya picha palikuwa na kitu kizito ndani ya kitambaa, ambacho hakukijua. Akakifungua. Ilikuwa miche minne ya sabuni ya kufulia, ambayo mama yake aliipenyeza usiku baba akiwa amelala.

"Nini hiyo?" aliuliza mtu wa forodha.

"Sabuni, bwana."

Mtu wa forodha akanusa mche mmoja, akaurudisha, akapiga alama ya chaki juu ya mfuniko. Karani akaingiza mkono mpaka chini, akavuta sweta. Ilikuwa bado na harufu ya moshi wa jikoni kwao. Akaivaa papo hapo juu ya mashati manne, ikambana makwapani, akatafuta kwa macho mfuko wa turubai kati ya watu waliokuwa wakielekea mlangoni.