Siku ya 33, Tangi Bado Halina Samaki

Jana usiku mdogo wangu aliyeko Sahare, Tanga, alinitumia ujumbe wa sauti. "Kaka, mwezi wa pili huu unanionyesha maji na mawe. Tia samaki, bwana! Kwani samaki anataka nini zaidi ya maji?" Nyuma yake watu wawili watatu walikuwa wanacheka. Nililala na swali lile, nikaamka nalo, nikaona nimjibu hapa ili na wengine wasome.

Tangi nimelipata hapa Reading, Uingereza, kwa mzee mmoja mstaafu ambaye magoti yamemkatalia kuinama. Urefu sentimita 180, upana na kimo 60 kila kimoja. Likijaa linachukua lita zipatazo 600, yaani zaidi ya kilo 600 za maji kabla hujahesabu kioo, mawe na meza yake. Ilibidi kwanza fundi aje aangalie mbao za sakafu. Kulibeba tulikuwa wanaume sita, na kuwapata hao sita kulinichukua wiki mbili za kupatana tarehe. Tanga ningetoka mlangoni nikaita. Lakini hilo tuliache.

Pamoja na tangi mzee alinipa daftari. Miaka 11 imo mle: kila Jumapili joto, chumvi, amonia, kiasi cha maji aliyobadilisha, hadi siku kamba alipojivua gamba. Samaki aliyekufa ana ukurasa wake, na sababu imepigiwa mstari. Mtu huyu hajawahi kuiona Bahari ya Hindi.

Kioo kilikuwa kimegandwa na chokaa na ule mwani mgumu wa rangi ya waridi. Nilikaa nacho siku tatu kwa siki na wembe; sabuni hairuhusiwi kabisa. Silikoni ya ndani ilikuwa imeanza kubanduka, nikaikwangua yote, kwa sababu mpya haishiki vizuri juu ya kuukuu. Nikapaka nyingine isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, nikaiacha wiki nzima. Kisha nikalijaza maji ya bomba uani, nikatandika karatasi kavu chini, nikangoja siku tatu tena. Halikuvuja. Nilimuuliza mzee kama aliwahi kutia dawa ya shaba, maana shaba hutibu samaki lakini huua kamba, konokono na matumbawe. Hakujibu kwa mdomo. Alifungua daftari, tukapitia kurasa pamoja: hapana.

Baada ya hapo ni maji. Wewe mdogo wangu ukitaka bahari unavaa kandambili. Mimi nalazimika kuitengeneza. Maji ya bomba ya huku yana chokaa, klorini na nitrati, kwa hiyo yanapitishwa kwenye utando mwembamba, tone kwa tone, siku nne mfululizo. Ndipo nikamimina chumvi ya kopo, zaidi ya kilo 20, hadi kipimo kikasoma 35 kwa elfu, joto nyuzi 25. Na hata hapo samaki angekufa. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwake. Wanahitajika bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wa kuigeuza kuwa nitrati, ambayo ukali wake ni mdogo. Hao hukaa kwenye vitundu vya mawe na mchanga, na kuzaliana kwao huchukua wiki nne, sita, wakati mwingine zaidi. Ulichouliza ndicho hicho: samaki anataka jiwe lililo hai.

Na jiwe hilo ndilo tulilokuwa tukilisikia likipasuka. Unaukumbuka ule mlio tukiwa chuoni asubuhi, na mwalimu hata hanyanyui macho? Uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku Tanzania mwaka 1970, sisi tukazaliwa baadaye, na bado tulikuwa tukihesabu milipuko kwa vidole. Samaki wachache huelea, wengine huzama bila kuliwa na mtu, na tumbawe lililokua kwa miaka na miaka linabaki kokoto. Mawimbi huzisukuma kokoto huku na huku, tumbawe changa halipati pa kushika. Miaka ya karibuni milio imepungua sana, nashukuru kwa moyo wote. Kokoto bado ziko chini.

Bibi yetu hakuwa na kipimo. Pale soko la samaki la Deep Sea alikuwa akimbinya changu tumbo, anafunua shavu, anapapasa uti wa mgongo. Akikuta nyama imelegea na mfupa umekatika anasema, "Wa baruti huyu," anamrudisha, hata awe nusu bei. Siku hiyo tunakula mchicha.

Nilitaka kuandika kwamba huku wanajali na sisi hatujali. Siwezi. Juzi dukani nimemkuta kangaja wa buluu peke yake kwenye kijitangi, kibandiko kimeandikwa Kenya, pauni 90. Amesafirishwa kwa ndege umbali wote ule, na huenda akanunuliwa na mtu mwenye tangi la wiki moja. Nilisimama mbele yake muda mrefu, nikaondoka bila kumnunua. Nitaanza na wale wa kwenye anemoni, waliozalishwa hukuhuku.

Jumamosi mzee alikuja. Alikunywa chai ya tangawizi, akalitazama tangi lisilo na samaki karibu saa nzima, akasema nisiguse kitu.

Leo ni siku ya 33. Amonia sifuri, nitriti bado ipo. Nimeandika kwenye daftari lilelile, chini ya mwandiko wake. Nanyi wasomaji wa Tanga, Kigombe na Pangani, mkifika sokoni kesho, mbinyeni samaki tumbo kabla ya kutoa pesa. Akiwa amelegea na damu imevilia kwenye uti wa mgongo, mrudisheni mezani.