Jiwe la Waridi la Broken Hill

Katika nchi ya Australia, upande wa magharibi wa jimbo la New South Wales, uko mji uitwao Broken Hill. Kutoka Sydney ni mwendo wa kilomita zaidi ya 1,100, na nchi iliyouzunguka ni kame, yenye mchanga mwekundu na vichaka vifupi. Mgeni aingiapo mjini hustaajabia majina ya njia zake: hii ni Argent, yaani fedha; ile ni Cobalt; nyingine ni Oxide na Chloride. Waliozipa majina hawakutaka mtu asahau ni kitu gani kilichowaleta jangwani.

Mwaka 1883 mtu mmoja jina lake Charles Rasp alikuwa akifanya kazi katika shamba la kondoo la Mount Gipps. Kazi yake ilikuwa kupanda farasi na kukagua mipaka ya shamba. Huko aliona kilima cheusi, akadhani kina bati, akashirikiana na wenzake sita kukimiliki. Lakini haikuwa bati. Weusi ule ulikuwa ni kutu ya chuma na ya manganizi, na chini yake ililala akiba ya risasi, fedha na zinki ambayo ni miongoni mwa zile kubwa kabisa duniani. Tena ndani ya risasi hiyo mlikuwamo jiwe la rangi ya waridi, nalo ndilo tunalotaka kulieleza hapa.

Jiwe hilo huitwa rodoniti, jina lililotokana na neno la Kiyunani lenye maana ya waridi. Ni manganizi iliyoungana na silika. Katika milima ya Ural huko Urusi hupatikana mapande makubwa ya kuchongwa. Hata jeneza la jiwe la Malkia Maria Alexandrovna, lililoko St Petersburg, limetengenezwa kwa jiwe hilo. Broken Hill sifa yake ni nyingine. Huko rodoniti huonekana kama fuwele zenye pembe kali na nyuso zilizonyoka, nyekundu kama punje za komamanga, zimekaa ndani ya jiwe la risasi lenye kung'aa kama chuma kipya.

Sasa, anayetafuta jiwe la waridi asitafute rangi ya waridi. Hewa na mvua hulivika ngozi nyeusi ya manganizi, nalo huonekana kama kaa la moto lililozimika. Budi kulivunja kwa nyundo, na macho yamekingwa kwa miwani. Ndani utaona wekundu, na mara nyingi mishipa myeusi imepita katikati.

Hata hivyo wekundu peke yake si ushahidi. Liko jiwe jingine la manganizi, rodokrositi, ambalo rangi yake ni ile ile. Lakini hilo ni laini, kisu hulikwaruza upesi, na tindikali iliyopashwa moto hulifanya litoe povu. Rodoniti haifanyi hivyo. Kisu hakiliwezi ila kwa shida, nalo hukwaruza kioo. Liko tena felspa la rangi ya waridi, gumu vile vile, lakini ukilipima mkononi ni jepesi. Rodoniti ina uzito wa zaidi ya mara tatu na nusu ya maji, na hupasuka kwa nyuso mbili zinazokutana karibu na pembe mraba.

Ndugu yake wa karibu sana ni piroksimangiti, ambaye kwa macho na kwa kisu hatofautiki. Fuwele nyingi za Broken Hill zilizokuwa zikiitwa rodoniti zilipopimwa kwa eksirei zilionekana kuwa ndizo hizo.

Zamani fuwele nyingi nzuri zilitoka chini ya ardhi ndani ya makopo ya chakula ya wachimbaji, kwani kama si hivyo zingesagwa pamoja na risasi. Lakini wao walikuwa na ruhusa ya kushuka, mgeni hana. Machimbo na vifusi vyake vina wenyewe, na kuingia bila idhini ni kosa. Tena vumbi la risasi ni sumu. Mwaka 1919 hadi 1920 wachimbaji waligoma kwa miezi 18, sababu mojawapo ikiwa afya yao, wakapata juma la kazi la saa 35. Juu ya kilima liko jengo la ukumbusho lenye majina zaidi ya 800 ya waliofia machimboni. Kwa hiyo mwenye kushika mawe ya huko na anawe mikono kabla ya kula, wala asiyapige msasa ndani ya nyumba.

Asiyependa taabu hiyo ataziona fuwele bora katika jumba la makumbusho mjini. Na aliyepata kipande chake kwa halali na akibandike karatasi yenye jina la machimbo na tarehe, kwani jiwe lisilojulikana lilikotoka wakusanyaji hulilipia bei ya kokoto.