Neno "Mahututi" na Swali la Kilifi

Sisi wa fasihi tunapolikuta neno "mahututi" katika riwaya, aghalabu tunajua kinachofuata: mhusika atakata roho, nayo hadithi itasonga mbele. Kwetu Tarasaa neno hilo huandamana na safari. Ukishika barabara ya kusini na kuipita Malindi, unaifikia Kilifi, ambako Dakta Kathryn Maitland, Mwingereza bingwa wa magonjwa ya watoto, alijikita kuwatibu na kuwatafiti watoto mahututi.

Vitabu vya tiba vilifunza kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu haimzunguki vyema mwilini, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Maitland aliuliza: kanuni hiyo ilipimwa wapi, na kwa watoto gani? Kuanzia 2009 hadi 2011 aliongoza jaribio la FEAST katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, kwa watoto 3,141. Lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika makundi mawili yaliyotiwa maji kwa haraka, watoto 10.6 na 10.5 katika kila mia walifariki ndani ya saa 48. Katika kundi lisilotiwa hivyo, 7.3.

Naam, kilichodhaniwa kuokoa kiliua. (Nasi wahakiki, nadharia tulizopokea tumezipima kwa riwaya zipi?) Mabingwa wa ng'ambo walibishana sana juu ya matokeo hayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliorekebishwa mwaka 2016, miaka mitano baadaye, ucheleweshaji ambao mimi sijauelewa hadi leo.