Simu inayokimbia au simu inayodumu? Kutoka Aggrey hadi Kilindoni

Ukishuka mwendokasi Msimbazi na kukata kuingia mtaa wa Aggrey, Kariakoo, simu utaziona kabla hujauliza. Zimepangwa kwenye vioo vya maduka, zimepangwa kwenye meza za barazani, na nyingine ziko mikononi mwa vijana wanaokufuata hatua kwa hatua. "Mama, karibu, unatafuta ipi? Mpya ipo, ya Dubai ipo." Ghorofani wako mafundi na taa zao na miwani ya kukuzia, chini kava na protekta zinaning'inia kama nguo za watoto. Siku ya Jumamosi mkoba unaukumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

Wazee wa mji hupenda kukumbusha kwamba jina Kariakoo limetoka kwenye maneno Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Soko kuu, lililochorwa na msanifu Beda Amuli, lilikamilika mwaka 1975 na likaungua Julai 2021. Upagazi lakini haujawahi kukoma. Mizigo inayofungwa hapa inakwenda Songea, Lubumbashi na Moroni. Ndiyo maana ninawaambia wazazi wenzangu kwamba simu ya Aggrey inauzwa Aggrey tu, maisha yake inaishi kwingine. Kabla ya kuuliza bei, uliza inakwenda kuishi wapi.

Yetu ilikuwa inakwenda Mafia.

Binti yetu wa pili ni mwalimu wa sekondari, ajira mpya, na kituo chake cha kwanza kikawa huko. Simu aliyokuwa nayo ni ile ya chuo, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona na chaji inaisha saa saba mchana. Tulichanga nyumbani hadi ikafika shilingi 480,000, na hapo ndipo tulipogawanyika. Baba yao alitaka simu ngumu, zile nene zenye mpira pembeni, zinazoanguka na kuokotwa bila hasara. Binti alitaka simu nyepesi kufanya kazi. Anafungua vitabu vya Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, anajaza mifumo ya watumishi, anatunga mitihani humohumo kwenye simu kwa sababu kompyuta hana. Simu ikiganda katikati ya fomu, anaanza upya.

Msimamo wa baba ulikuwa na chanzo. Mwezi Juni, wakati wa kusi, bahari ilichafuka na binti alikuwa amesema anavuka. Tukapiga, hapatikani. Siku nzima, usiku mzima, na kesho yake hadi saa tisa alasiri. Kumbe boti haikuondoka kabisa, yeye yuko kwa mwalimu mwenzake, simu imezima. Mume wangu hakula siku ile. Tangu hapo kwake simu ikawa ni kitu kimoja tu: iite, ipokelewe.

Nilikuwa nimemsindikiza mara ya kwanza, kwa hiyo njia ninaijua. Unapanda basi Mbagala Rangi Tatu, unapita Mkuranga, unakunja Bungu kuelekea Nyamisati. Nyamisati ni bandari ndogo ya wilaya ya Kibiti, kwenye delta ya Rufiji, na boti likiondoka linapita kwanza kwenye mkondo wenye mikoko pande zote mbili. Msitu ule wa mikoko ndio mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na ukipita alfajiri ukungu ukiwa chini, unasahau kuogopa maji. Baadaye mikoko inaisha, bahari inafunguka, na hapo unakumbuka.

Niliangalia watu wanavyohifadhi simu zao. Mama mmoja aliifunga kwenye kitenge, kitenge kwenye beseni, beseni chini ya kiti. Kijana mmoja alikuwa ameitia kwenye pakiti tupu ya unga na kuikaza kwa mpira wa baiskeli, maana mifuko ya rambo tumeachana nayo tangu Juni 2019. Mvuvi aliyekuwa karibu yangu alitoa kitochi mfukoni, akaongea kwa kelele dakika mbili, akakirudisha mfukoni kikiwa na matone ya maji ya chumvi. Hakukifuta hata.

Kilindoni ni mji wa minazi, bodaboda na harufu ya samaki wakavu. Kuanzia Oktoba hadi Machi wageni huja kuwatazama papa potwe, samaki wakubwa kuliko wote duniani, wanaoelea karibu kabisa na mji huo. Shuleni kwa binti yetu umeme ni wa sola. Soketi inayotegemewa ni moja, iko ofisini, na simu za walimu zinapanga foleni pale kama wagonjwa. Mawingu yakikaa siku mbili, foleni haiendi. Nililiona jambo hilo nikalihifadhi moyoni, lakini maana yake ilinijia baadaye, nikiwa nimesimama Aggrey.

Duka la kwanza nililoingia lilikuwa na zile simu ngumu. Majina yake si ya kila siku: Blackview, Doogee, Oukitel, Ulefone, zote za China. Ukiishika unajua umeshika kitu. Baadhi zina betri ya mAh 10,000 na zaidi, mara mbili ya simu ya kawaida, na uzito nao unapanda ipasavyo. Muuzaji aliidondosha sakafuni mbele yangu kwa makusudi, akaiokota akitabasamu. Kwenye boksi kulikuwa na maandishi mawili ambayo kila mzazi atayakuta, IP68 na MIL-STD-810H.

Maandishi hayo yana ukweli, ila ukweli wenye mipaka. Kwenye IP68, tarakimu 6 ni kwamba vumbi haliingii, na 8 ni kwamba simu inavumilia kuzama kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji mwenyewe. Kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, simu ikiwa mpya. Maji ya bahari ni habari nyingine. Chumvi inakula shaba ya tundu la chaji, na mpira unaozuia maji unachoka kadiri miaka inavyokwenda. Ile MIL-STD ni orodha ya vipimo vya jeshi la Marekani, kikiwemo cha kuangusha kifaa mara 26 kutoka kimo cha mita 1.22. Lakini jeshi halipigi muhuri kwenye simu ya mtu. Mtengenezaji anachagua vipimo, anapima mwenyewe, anaandika. Wapo wanaopima kweli.

Nikauliza kuhusu kioo. Kikivunjika nitapata wapi kingine? Muuzaji akasema hakivunjiki.

Nikapanda ghorofani kwa fundi, bila simu ya kutengeneza, na swali lilelile. Huyu alikuwa mkweli zaidi, pengine kwa sababu hakuwa na cha kuniuzia. Alifungua droo. Vioo vya Tecno, vya Infinix, vya Samsung za A, vimepangwa kama kadi. Vya zile ngumu hana, mtu akileta anaagiza, na kuagiza ni wiki au ni kamwe. Akaongeza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria: simu ngumu ni ngumu hata kwa fundi, imegundishwa na kufungwa skrubu kiasi kwamba kuifungua salama ni kazi, na ikishafunguliwa ule uwezo wa kuzuia maji usitegemee umerudi.

Hapo wazo la kudumu lilianza kubadilika kichwani mwangu. Nilikuwa nadhani kinachodumu ni kisichovunjika. Kwa mtu anayeishi kwa mshahara, kinachodumu ni kile ambacho kikivunjika Jumatatu, Ijumaa kinarudi kazini.

Lipo na jingine. Simu inakufa pia ikiwa nzima, pale mtengenezaji anapoacha kuiletea masasisho ya usalama na programu za benki zinapoikataa. Kuhusu hili, zile ngumu za bei ya chini nyingi hazikuwa na ahadi yoyote kwenye boksi. Samsung kwa mfano waliahidi miaka sita ya masasisho kwa Galaxy A16 ilipotoka mwaka 2024, na hiyo si simu ya kifahari. Muulize muuzaji swali hilo, na kama hajui, tafuta jibu kwenye tovuti ya kampuni kabla hujatoa hela.

Sasa nizigeukie zile zinazokimbia, nazo zina maneno yao. Dukani niliona bango: RAM 16GB, kwa bei ambayo haiwezekani. Ukisoma kwa karibu utakuta imeandikwa 8+8. Nane ya kwanza ndiyo RAM halisi. Nane ya pili imeazimwa kutoka kwenye hifadhi ya picha na mafaili, ambayo ni ya polepole zaidi, kwa hiyo kasi yake hailingani na ile ya kwanza. Wengine huandika 4+4 na kutamka nane kwa sauti kubwa. Mzazi, hesabu namba ya kwanza tu. Na usidanganywe na kamera ya megapikseli nyingi kama unayemnunulia anataka kufungua PDF.

Nilimpigia binti nikiwa pale pale, nimejibanza kwenye ngazi kukwepa kelele.

"Shikamoo mama. Umeshanunua?"

"Marahaba. Baba yako anataka ile ngumu."

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kufikiri, "Mama, ile siku ya Juni simu yangu haikuvunjika. Iliisha chaji."

Nilibaki nimesimama pale kwenye ngazi, watu wananipita na maboksi. Kwa miezi tulikuwa tunabishania ugumu wa bodi, wakati kilichotunyima usingizi kilikuwa soketi moja ya ofisini.

Basi nikanunua hivi. Simu ya kawaida, RAM 8GB ya kweli, hifadhi 256GB, betri ya mAh 5,000, yenye IP54 ambayo inavumilia matone na vumbi lakini si kuzama. Kava nene ya mpira na protekta ya kioo. Pochi ya plastiki ya kuvaa shingoni, ile ya kufunga kwa klipu, kwa ajili ya boti. Na kwa chenji iliyobaki, kitochi chenye laini yake, cha kukaa kimezimwa kwenye mkoba na kuwashwa inapobidi. Kikichajiwa mara moja kinakaa siku kadhaa. Yote ilikuwa ndani ya zile 480,000, na nauli ya kurudi Mbagala ikabaki.

Kabla ya kulipa nilibonyeza *#06#, namba ya IMEI ikatokea, nikailinganisha na iliyo kwenye boksi, kisha nikaituma kwa ujumbe kwenda 15090. Wengi wenu mtakumbuka Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na watu kuamka na matofali mikononi. Nikadai risiti ya EFD, nikaandikiwa waranti na tarehe. Muuzaji aliguna. Aache agune.

Kuna watu ambao kwao ningenunua ile ngumu bila kusita: mvuvi, dereva wa bodaboda anayeifunga simu kwenye usukani ikitetemeka kutwa, mtu wa saiti anayefanya kazi kwenye saruji. Hao simu inawaanguka kila siku, na programu wanazofungua ni chache. Mwalimu, mwanafunzi wa chuo, mama wa biashara ya mtandaoni, hao wanapoteza zaidi kwa simu inayoganda kuliko kwa simu inayokwaruzika. Na anayekwenda pwani au visiwani, awe na simu yoyote, aifute kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, aikaushe, na asiichomeke chaji ikiwa na unyevu. Hiyo haina gharama.

Novemba binti alitutumia video. Darasa zima la kidato cha kwanza limezunguka simu moja, wanamtazama papa potwe aliyemrekodi mwenyewe kutoka kwenye boti, pochi ikiwa shingoni. Watoto wamezaliwa Mafia, lakini wengi wao walikuwa hawajawahi kumwona kwa karibu. Kelele zao zilijaza sebule yetu.

Mume wangu aliitazama mara tatu. Kisha akauliza kama kile kitochi kina chaji. Yeye ni fundi ujenzi, simu yake ya tatu ndani ya miaka miwili ilikufa kwenye ndoo ya zege huko Goba, na nimeshamwambia kwamba mwaka huu ile nene yenye mpira mweusi tunaichangia yeye.