Faulo Zangu Sita

Katika PBA, ligi yetu ya basketi ya kulipwa hapa Ufilipino, mchezaji hutolewa akifikisha faulo ya sita. Timu za taifa zinapokutana, sheria ni tano. Faulo hiyo moja ya ziada mashabiki hawaijali, lakini mimi imenisomeshea watoto. Miaka yote niliyocheza Manila hakuna kocha aliyenisajili nifunge. Walinisajili kwa ajili ya zile faulo sita, nizimalizie kwenye mwili wa Mmarekani mmoja, kisha nirudi zangu benchi.

Kazi hiyo sikuichagua. Urefu ndio ulionichagulia. Nimezaliwa Cebu, katika visiwa vya Visayas, mtoto wa mchukuzi wa bandarini. Nilipobalehe nilikuwa nimewapita watu wazima wote wa mtaa, na Ufilipino kijana wa namna hiyo hajadiliwi: husimamishwa chini ya goli na kuachwa hapo. “Dong,” yaani kijana, “wewe usidunde,” wakubwa waliniambia. “Pokea, geuka, tupia.” Wenzangu wafupi walicheza na mpira mchana kutwa, wakaupitisha katikati ya miguu, wakarusha kutoka mbali wakiwa na kandambili miguuni. Mimi niliugusa ulipokuwa umeshafika karibu na ubao. Nikakua hadi sentimeta 193, jitu kwa kipimo cha Cebu.

Mtu asiyeijua nchi yangu anaweza kushangaa kwamba taifa la watu wafupi limejifunga na mchezo wa warefu. Wamarekani walituletea basketi mwanzoni mwa karne ya 20, kupitia shule na YMCA. Wao waliondoka, mchezo ukabaki. Mwaka 1954, kule Rio de Janeiro, timu yetu ilitwaa medali ya shaba ya dunia, na hadi leo hakuna timu ya Asia iliyowahi kushika nafasi ya juu zaidi ya hiyo. Karibu kila barangay, ule mtaa wetu wenye serikali yake ndogo, ina uwanja. Ukiwa na paa, ndiyo heri zaidi: hapo hapo hufanyika misa, kampeni na harusi, na kimbunga kikipiga, familia hulala kwenye mstari wa pointi tatu.

Shule yangu halisi ilikuwa ligang labas, ligi za mitaani za msimu wa sikukuu za watakatifu. Meya anataka timu yake ishinde, mpinzani wake wa kisiasa naye anataka yake, basi wanatafuta wachezaji wa kukodi. Gari linakuja kukuchukua alasiri, usiku unacheza katikati ya harufu ya nguruwe wa kuchoma, mpira ukiisha unapewa bahasha. Usipopewa huulizi, kwa sababu mwakani utamhitaji mtu yuleyule. Huko hakuna refa anayetaka kufika nyumbani amepigwa mawe, kwa hiyo faulo hupulizwa damu ikionekana. Huko ndiko nilikojifunza kusukuma kwa paja mikono ikiwa juu, ili macho ya refa yaone mikono tu. Nilijifunza pia kujiondoa ghafla mtu anapokuegemea, aanguke peke yake na kuhesabiwa kosa. Chuo kilichonipa nafasi ya kusoma bure kilinikuta nimeshaiva.

Mwaka 1998 ilianzishwa MBA, ligi iliyofanya jambo ambalo PBA haijawahi kulifanya: ilizipa timu miji. Nikachezea watu wa kwetu, mbele ya watu wa kwetu, na mama alikuja uwanjani na sufuria la chakula kwa ajili ya benchi zima. Ligi ikafa mwaka 2002. Nikapanda meli kwenda Manila, begi moja na viatu viwili.

PBA ni ya kampuni. Ilianza Aprili 1975, ligi ya kwanza ya kulipwa barani Asia, na timu zake huitwa kwa majina ya bia, jini, simu, nyama ya kopo, rangi. Unaweza kulala mchezaji wa soseji ukaamka mchezaji wa kahawa, wachezaji walewale, kocha yuleyule, fulana mpya tu, kwa sababu idara ya mauzo imeamua hivyo. Mapenzi ya watu hata hivyo ni ya kweli. Ginebra, timu ya jini, ina wafuasi wanaoipenda kama dini tangu enzi za Robert Jaworski, aliyeichezea huku akiifundisha, na ambaye mwaka 1998 wapiga kura walimfanya seneta. Ukicheza dhidi ya Ginebra katika ukumbi wa Araneta Coliseum huwezi kumsikia kocha aliye hatua mbili kutoka kwako.

Nilipofika nikakuta soko limebadilika. Walikuwa wameshaingia vijana waliokulia Marekani, nusu Wafilipino, wenye urefu kama wangu au zaidi, nao walikuwa wakidunda, wakirusha na kupiga pasi kama walinzi. Katika umbo langu mimi nilikuwa nimefundishwa theluthi moja tu ya mchezo. Kwa senta nilikuwa mfupi, kwa nafasi nyingine yoyote nilikuwa mzito wa mikono.

Kilichoniokoa ni wageni. Msimu wetu umegawanyika: katika Philippine Cup hucheza wenyeji pekee, na katika mashindano mengine kila timu huleta mchezaji mmoja wa kigeni, aghalabu Mmarekani. Wenzangu wengi hawakuyapenda mashindano hayo kwa sababu mgeni hula dakika na mipira yao. Mimi niliyasubiri kwa hamu. Katika Philippine Cup niligeuka mbeba taulo. Wageni wakishuka kwenye ndege, kocha hulikumbuka jina langu.

Mara nyingi mgeni huwa na kikomo cha urefu, na kwa miaka mingi katika Governors’ Cup, mojawapo ya mashindano hayo ya wageni, kilikuwa futi 6 na inchi 5. Siku ya kupimwa ilikuwa mchezo wa kuigiza. Majitu yaliingia yakikunja magoti ndani ya suruali pana na kuzamisha shingo mabegani, huku mpimaji akiyabana visigino ukutani. Aliyepita, nilikabidhiwa.

Kazi yenyewe ilikuwa na hesabu zake. Faulo ya kwanza unaitoa mapema, timu ikiwa bado haijafikia idadi ya kumpa mpinzani mitupo huru. Hiyo ni salamu, ajue upo. Ya pili inamkuta kabla hajanyanyua mpira kurusha. Ya tatu na ya nne unaziweka hadi robo ya tatu, na ukizitoa kabla ya hapo kocha atakulaumu mbele ya watu. Ya tano ni ya refa, maana daima ipo moja ambayo hukuifanya. Ya sita inatakiwa iwe na faida: mgeni amechoka, mitupo yake huru inapinda, mchezo unamalizika. Usiku mgeni akifunga pointi arobaini, magazeti huandika jina lake. Akifunga ishirini na mbili kwa hasira, hakuna anayeandika langu, ila mkataba ukija mezani huwa kuna mtu anakumbuka.

Asubuhi nilikuwa nikimkaba mgeni wa timu yetu mazoezini, na kwa kumgusa mtu kila siku unaujua woga wake. Wale walitisha kwenye televisheni, lakini wengi wao waliishi hotelini na begi nusu limefungwa. Timu ikipoteza michezo miwili mfululizo, wakala anapigiwa simu, na mtu mwingine anapanda ndege. Mmoja aliniita “kuya”, kaka mkubwa, akaniomba mazoezini, “Leo nipige taratibu, goti hili linanisomeshea binti yangu.” Nikampiga taratibu. Wiki hiyohiyo alirudishwa kwao.

Nilistaafu wakati June Mar Fajardo, mwana wa Cebu mwenzangu kutoka Pinamungajan, akichaguliwa wa kwanza katika usajili wa 2012. Ana sentimeta 208 na mikono laini kama ya fundi saa. Amekaa chini ya goli, akawa mchezaji bora wa ligi mara tisa. Watu humtaja kunipinga ninaposema kwamba kijana mrefu naye afundishwe mchezo wote. Ndiyo, lakini 208 si 193.

Ushahidi wangu niliupata Agosti 31, 2023, Araneta, kwenye Kombe la Dunia lililochezwa kwetu. Sudan Kusini walitufunga 87 kwa 68. Nilikuwa juu kabisa, viti vya bei nafuu, nikitazama vijana warefu kuliko mgeni yeyote niliyewahi kumkaba, wakiudunda mpira toka mwisho wa uwanja hadi mwisho na kurusha za pointi tatu bila kuomba ruhusa. Siku mbili baadaye waliwachapa Angola 101 kwa 78 wakakata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Siku ile walipotufunga, jirani yangu alikuwa akiwatukana wachezaji wetu. Mimi nilikuwa nikiandika nyuma ya tiketi mazoezi niliyoyaona wakati wa kupasha misuli.

Sasa nafundisha watoto kwenye uwanja wa barangay yetu, asubuhi za Jumamosi. Warefu hudunda kwanza, mikono yote miwili, ndipo waruhusiwe kusogea golini. Mwezi uliopita baba mmoja alinifuata, mpole lakini amekereka. “Manong,” aliniita kwa heshima, “mwanangu ni mrefu kuliko wote hapa. Mbona unamweka nje na wafupi?” Nikamuuliza kama kijana ana mpira nyumbani. Hana. Nikamwambia amnunulie, kisha arudi tuzungumze.